Mguu wa Sinema

"Nell! Wimbo wenu umeingia kwenye sinema!"

Ernestine aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, kofia imemkaa upande, na kabla hajamaliza sentensi harufu ikampiga usoni. Akarudi mpaka kizingitini, akabana pua kwa skafu. "Yesu wangu! Unaishije humu ndani?"

Vernell Gaines hakugeuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya karai la matumbo ya nguruwe, maji yamemfika viwiko. "Naishi vizuri tu, wifi," alisema. "Wewe Krismasi huwa unakulaje?"

"Hayo ni mengine. Yakishaiva yanasahau yalikotoka."

Ndivyo walivyo watu wa mtaa wa Orange Mound. Kila mtu anayapenda matumbo yakiwa kwenye sahani, yamemwagiwa pilipili ya chupa, mkate wa mahindi pembeni. Ila hawali ya kila mtu. Ukimwandalia mtu wa mtaa huo, atainamia jirani yake aulize kwa sauti ya chini, "Nani kayasafisha haya?" Akiambiwa ni Vernell, anavuta kiti. Akitajiwa jina lingine, ghafla tumbo linamsokota, au kakumbuka kaacha jiko linawaka. Basi kuanzia Desemba inaingia, ndoo zinapangwa mlango wa nyuma wa Vernell, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa. Anaugeuza utumbo ndani nje, anautandika kwenye kiganja, anabandua ule utando wa mafuta taratibu kama anayemvua mtoto soksi. Halafu maji. Halafu maji tena. Hapumziki mpaka maji yawe meupe kiasi cha kumwogeshea kichanga.

"Nani kasema sinema?" Sauti ilitoka sebuleni. Ilikuwa ya Cleotha, mume wa Vernell, kaka yake Ernestine.

"Mimi, kaka! Wametangaza redioni asubuhi hii. 'Vua Viatu' umo! Kwenye ile sinema mpya ya harusi, inaonyeshwa hapa hapa mjini!"

 Kikasikika kiti kikilia, na mzee akajitokeza mlangoni anapapasa ukuta, miwani myeusi usoni, meno yote nje. "'Vua Viatu' wetu?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Nell," Cleotha akasema, "niandalie suti."

Huo wimbo uliimbwa na kijana wa mtaa wa pili, aliyekufa zamani kwa ugonjwa wa ini, na watu wa Orange Mound wanauita wetu kama wanavyosema kanisa letu. Vua viatu, mpenzi, dunia iache mlangoni. Besi inatembea polepole, ngoma inaburuta mguu, na mwanaume anaomba kama anaombea roho yake. Cleotha alipokuja kumposa Vernell, alitoka moja kwa moja kiwandani, kwenye matairi, buti zimeganda weusi. Shangazi yake Vernell akamwambia humu hakuingiwi na viatu. Redio ilikuwa inaimba wimbo huohuo. Akavua, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikachungulia kwenye tundu la soksi, mbele ya ukoo mzima. Vernell alicheka mpaka akakaa chini. Kufika jioni alikuwa ameshakubali.

Kisukari kilimla Cleotha macho kwanza, kisha kikashuka miguuni. Hospitali walikata kidole gumba kilekile, na jirani yake, wakaacha kidonda chini ya unyayo kisichotaka kufunga. Nesi wa kliniki anapita kila Jumatano. Siku nyingine ni kazi ya Vernell: kila jioni anaweka sahani ya santuri, sindano inakwaruza, besi inaanza kutembea, naye anauweka mguu wa mumewe mapajani, anafungua bendeji, anaosha, anakausha, anafunga upya. Nesi aliwaambia wazi: mkikosa siku mbili tatu, safari ijayo tunakata gotini. Cleotha haruhusu mtu mwingine yeyote wa nyumbani auone mguu huo, hata Ernestine. Ila wimbo ukiwa unaimba, anamwachia mkewe, kichwa nyuma, anagongesha kidole kwenye mkono wa kiti.

Jumapili baada ya ibada wakaenda, pamoja na nusu ya kwaya. Cleotha alivaa suti ya kahawia na kofia yenye unyoya, kiatu kimoja kinang'aa, mguu wa pili kwenye kile kiatu laini cha hospitali. Njiani alimwambia kila aliyemkuta, na wasiomjua pia. "Wimbo wetu," alisema. "Wameuweka kwenye sinema."

Jumba la sinema lilimkera Vernell tangu mlangoni. Sakafu ilinata kwa soda, kila hatua inatoa mlio kama plasta inayobanduliwa. Bisi zilinuka mafuta ya jana. Kiti chake kilikuwa na kitu chenye majimaji, hakutaka kujua ni nini, akakunja koti chini yake akakalia ncha.

"Kinafanyika nini sasa?" Cleotha akauliza taa zilipozimwa.

"Bado. Wanaonyesha majina."

Akamsimulia yote, mdomo sikioni. Kuna harusi. Bibi harusi ni mwembamba, mama yake ana jeuri. Hakuna aliyemwambia anyamaze, kwa sababu kule hakuna mtu anayeangalia sinema kimya. Watu wanaongea na picha kama inawasikia. "Usiolewe naye, dada, ana macho ya mwizi!" mtu alipiga kelele mbele. "Mama mkwe huyo mchawi!" akajibu mwingine. Ernestine, kiti cha nyuma yao, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Cleotha alikuwa anacheka, anauliza, anacheka tena.

Kisha besi ikaanza kutembea.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. "Aaaa," walisema, kama watu walioona mtoto wao jukwaani. Wazee wakaanza kuimba, taratibu, sauti ya kwanza na ya pili, kwaya bila kuitwa. Cleotha akaushika mkono wa mkewe, akaubana. "Niambie," alisema. "Niambie kila kitu."

Kwenye picha, mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye jasho, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mwanamke mwenye gauni jekundu alimpigia magoti, akaanza kumfungua kamba za kiatu.

"Kuna mwanamke," Vernell alinong'ona. "Amevaa nyekundu. Anamvua kiatu, taratibu."

"Eeh," Cleotha akasema. "Eeh, ndiyo."

Kiatu kikatoka. Soksi ikatoka na kitu kama uzi wa kamasi unaning'inia. Na mguu ukajaza kioo kizima, mkubwa kama mlango, wa kijani, vidole vimevimba, nzi wanazunguka. Mwanamke wa gauni jekundu akazimia. Mbwa aliyekuwa mlangoni akazimia. Bibi harusi aliyekuja kuangalia kelele akatapikia keki. Na wimbo unaendelea, yule kijana wa mtaa wa pili anaomba kwa roho yake yote, vua viatu, mpenzi, vua viatu.

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga viti, walishikana mabega, bisi zikamwagika.

Vernell alihisi mate ya chumvi yamemjaa mdomoni. Mikono yake ilikuwa imegeuza matumbo ya nguruwe maili nzima, imeokota humo nyasi, punje na vingine visivyotajwa mezani, na hajawahi hata siku moja kukunja pua. Sasa aliikunja. Alitazama huku na kule, midomo wazi, meno, ndimi zenye bisi, mzee wa kanisa anajifuta machozi kwa tai, na kila uso ulimtia kinyaa.

"Wanacheka nini?" Cleotha akauliza. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri aambiwe mzaha.

"Wanacheza muziki," Vernell alisema. "Yeye na yule mwanamke. Amemkanyaga, basi watu wanacheka. Hajui kucheza, maskini. Ila... chumba kina mishumaa, Cleotha. Wamevaa vizuri."

Na nyuma yao, kwa sauti iliyopita juu ya sauti zote, Ernestine akapiga ukelele, "Ukateni huo mguu! Jamani ukateni, unanuka mpaka huku!"

Mkono wa Cleotha ulilegea ndani ya mkono wa mkewe. Hakuuvuta. Ulitulia tu pale, kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Kisha kwa chini Vernell akasikia sakafu ikibanduka: kile kiatu laini kilikuwa kinarudishwa nyuma, polepole, mpaka chini kabisa ya kiti.

Jioni hiyo aliweka maji ya uvuguvugu, taulo, shashi. Alipotaka kuweka sindano kwenye sahani, Cleotha akasema, "Iondoe hiyo."

"Sawa, leo tutafanya kimyakimya."

"Na mguu uache. Atakuja nesi Jumatano."

"Jumatano mbali."

"Nimesema uache, Vernell." Hakuwa akimwita Vernell. Alikuwa akimwita Nell, au mama, au kukiwa na shida ya kweli, Bi Gaines. Aliufunika mguu kwa blanketi, akaelekeza uso ukutani. Jumatatu vilevile. Alikula mezani akiwa ameuficha chini ya kiti, na mkewe akipita karibu, anauvuta ndani zaidi, kama mtu anayeficha chupa.

Jumanne Ernestine akaja kuchukua ndoo yake. Alikuja anaimba.

"Vua viatu, mpenzi..." akaimba mlangoni, halafu akabana pua, akajitupa kwenye fremu ya mlango, macho juu, kama yule mbwa. Akajicheka mwenyewe. "Wifi, toka Jumapili mbavu zinaniuma! Mtaa mzima wanafanya hivyo. Jana kwenye harusi ya binti Pruitt wameupiga, watu wote wakavua viatu wakaanza kuzimia. Hata mchungaji!"

Vernell alikuwa anakata shashi vipande. Aliweka mkasi chini.

"Ulisema ukatwe."

"Nilisema nini?"

"Mguu. Ulipiga kelele, ukateni. Kaka yako amekaa mbele yako, nafasi ya kumshika bega."

 Uso wa Ernestine ulishuka kidogo, kisha akaukamata usianguke wote. "Mimi nilikuwa naongea na sinema, Nell. Wa sinema! Siyo... Ni mchezo tu, jamani. Mtu asicheke?"

"Cheka."

"Cleotha mwenyewe anajua mimi ni mtu wa mdomo."

"Hajaufungua mguu tangu siku hiyo. Hataki niuone. Mimi."

"Basi nitamwambia..."

"Humwambii kitu." Vernell alienda mlango wa nyuma, akaitafuta ndoo yenye jina la Ernestine, akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka miguuni pake. Kifuniko kilikuwa bado na barafu ya dukani. "Chukua."

"Hujayasafisha!"

"Sijayagusa."

"Nell. Krismasi ni wiki ijayo. Wanakuja watu kutoka Chicago!"

"Waambie yakishaiva yanasahau."

Ernestine alimtazama, akatazama ndoo, akamtazama tena. Hakuna mtu aliyewahi kurudishiwa ndoo na Vernell Gaines. Hata wale Pruitt waliomshtaki kwa mchungaji kwa ajili ya uzio walisafishiwa. Akainua ndoo yake, ikamgonga goti, akaondoka nayo bila kuimba.

Jumatano barafu ilifunga barabara. Nyaya za umeme zilinenepa kwa barafu kama vidole, magari yamelala ubavuni kwenye mitaro, na nesi hakuja. Vernell alipiga simu kliniki wakamwambia asubiri. Akasubiri sebuleni na mumewe, na katikati yao, chini ya blanketi, kulikuwa na kitu cha tatu ambacho kilikuwa kimeanza kunukia. Ilikuwa harufu tamutamu, hafifu. Alijifanya hajui kama Cleotha anaisikia. Alijua anaisikia.

"Nitakushika kwa nguvu," alimwambia.

"Thubutu."

"Ukikatwa gotini utanilaumu?"

"Nitakuwa sina cha kuficha, basi."

Alitoka akaenda jikoni, akaegemea sinki. Alikuwa na hasira na wale watengeneza sinema asiowajua, waliokaa mahali penye jua wakaamua kuuchukua wimbo ule waupakie mguu ule. Wangechukua wimbo wowote. Walishindwa nini kuchukua nyimbo zao? Akatema mate kwenye sinki, akayafuata na maji mengi.

Alhamisi saa za mchana simu ikalia. Vernell alipoinua, hakusikia maneno, alisikia kilio na nyuma yake mlio wa kitu kikubwa kinachotetemeka.

"Nani? Ernestine? Sema taratibu."

"Nimeyatia kwenye mashine ya kufulia!"

"Umetia nini?"

"Matumbo, Nell! Roberta wa saluni aliniambia mama yake alikuwa anafanya hivyo! Nikatia na sabuni kidogo..."

"Sabuni ya nguo?"

"Ile ya harufu ya limau! Na sasa haizimiki! Povu limetoka mpaka koridoni, na yamejisokota kwenye ule mti wa katikati, na nguo za kwaya zilikuwa humo, Nell, sikuziona, majoho mawili ya kwaya..."

Vernell akaondoa simu sikioni. Akasimama nayo hivyo kidogo. Halafu akavuta waya mpaka sebuleni, akaweka simu kwenye sikio la mumewe.

Cleotha alisikiliza. Uso wake haukubadilika. "Majoho gani?" aliuliza. Akasikiliza. "La mchungaji?" Bega lake la kushoto likaruka. "Dada. Dada, nyamaza. Chomoa waya ukutani. Ndiyo. Sasa umebaki na harufu gani?" Akasikiliza kwa muda mrefu. "Limau na nini?" Na hapo kikamtoka, kicheko kile cha kiwandani, cha kushinda mitambo, kikamkunja mpaka miwani ikaanguka. Vernell akachukua simu, akasema, "Nakuja kesho nikipata njia. Usiguse kitu," akakata.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya mumewe. Yeye hakucheka, ingawa alitaka. Alimwacha amalize, apanguse macho yasiyoona, apumue.

"Nell," Cleotha akasema.

"Naam."

"Ule mguu wa kwenye sinema. Ulikuwaje?"

"Nilikwambia, walikuwa wanacheza muz..."

"Mama. Kilichokufa ni macho, siyo masikio."

Vernell alitazama mikono yake. "Wa kijani," alisema.

"Kijani gani?"

"Kama njegere za kopo."

"Wote?"

"Mpaka kwenye kifundo. Vidole vimevimba kama soseji. Na nzi, wengine wamefungwa uzi, niliuona uzi wenyewe."

Cleotha aliguna. Akafikiri. "Wangu ulikuwa wa kijani? Kabla hawajakata."

Cleotha hakuwahi kuuliza. Vernell naye hakuwahi kumwambia. Katika miezi ile yote wimbo ulikuwa unaimba, na kila mmoja akajifanya anausikiliza.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa wa kijivu kwanza. Kidole kikawa cheusi, kama ndizi iliyosahauliwa. Pembeni palikuwa pekundu, panang'aa."

"Ulinuka?"

"Ulinuka, Cleotha."

"Kuliko matumbo?"

"Matumbo ni maua."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari za jamaa wa mbali. Nje tawi lilivunjika kwa uzito wa barafu, likaanguka na mlio wa vyombo.

"Na kwenye sinema mbwa akafanya nini? Nilisikia watu wanamtaja mbwa."

"Alizimia."

"Mbwa?" Cleotha akasonya, sonyo refu la dharau. "Mbwa azimie kwa mguu? Wajinga wale. Mbwa angeulamba."

"Angeulamba mpaka mfupa," Vernell akakubali.

"Hawajui kitu."

"Hawajui kabisa."

 Kisha blanketi likatikisika, na mguu ukatoka chini yake, ukasimama hewani, haujui pa kutua. Vernell akaupokea mapajani. Bendeji ya Jumamosi ilikuwa imekauka na kugeuka rangi ya chai. Akaleta karai dogo, akadondosha maji ya uvuguvugu juu ya kitambaa, tone kwa tone, akasubiri kilegee.

"Nikuwekee...?" aliuliza, akaelekeza kichwa kwenye santuri, akisahau kwamba haonekani.

"Usiweke kitu," Cleotha alisema. Alikuwa ameshika mikono ya kiti, vidole vimetulia.

Akabandua tabaka la kwanza, kisha la pili. La mwisho lilikuwa limeng'ang'ania, akaliloweka tena. Lilipotoka aliliweka pembeni bila kulitazama. Mwanga wa barafu kutoka dirishani ulikuwa mweupe na mkali, lakini kwa vidonda, nesi alimfundisha, macho yanaweza kudanganywa; pua haidanganyiki.

"Unasemaje?" mumewe akauliza.

Vernell akainua mguu kidogo kwa mikono miwili, akainamisha uso mpaka ncha ya pua ikakaribia kuugusa unyayo. Akafumba macho. Juu yake Cleotha alikuwa ameacha kupumua. Naye akavuta hewa, polepole, mpaka kifua kikajaa.